Siku Delmar Alipokalia Maiki

Kwa miaka ishirini na miwili shemeji yangu Delmar Hovland hakukanyaga kanisani, na hakuna aliyemlaumu kwa sauti, maana sisi watu wa kijiji cha Torvald hatulaumiani kwa sauti. Tunalaumiana jikoni tukikausha vyombo. Mimi ni Verna, dada wa mke wake, Arlette. Naimba sauti ya pili katika kwaya, naoka pai za matanga, na wakati wa mavuno naendesha lori la ngano, kazi niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa mtu wa dini wa kuonekana. Mbele ya safari jambo hilo litaniaibisha, na nastahili.

Delmar alizaliwa katika shamba lile lile analolima leo, hapa hapa Saskatchewan, ambako nchi ni tambarare hata mbwa akikutoroka unaweza kumwona akikimbia siku mbili. Baba yake, mzee Alvin, alikuwa mtu wa sala ndefu. Alisali mezani mpaka mchuzi ukaganda, lakini ubaya haukuwa urefu. Ubaya ni kwamba alimshtakia Mungu wanawe mbele ya wageni. Siku moja, familia nzima ya Wasylyk kutoka ng'ambo ya barabara ikiwa mezani, alifumba macho akasema, "Bwana, msamehe Delmar, amekojoa tena kitandani." Delmar alikuwa na miaka saba. Watoto wote walicheka isipokuwa mmoja, Garth Wasylyk, rika lake, ambaye alimsukumia kipande chake cha pai bila kusema neno. Urafiki wao ulianzia hapo, na Delmar ameniambia kwamba hasira yake kwa sala za hadharani nayo ilianzia hapo hapo.

Walikua mmoja mdomo, mwingine sikio. Garth anaweza kuzungumza na nguzo ya uzio mpaka nguzo ikachoka. Delmar akisema sentensi tatu mfululizo, Arlette anampima homa. Walicheza hoki timu moja, wakaoa mwaka mmoja, ingawa mke wa Garth hakudumu, alirudi kwao mjini. Na kwa kuwa mashamba yao yanatenganishwa na barabara ya changarawe tu, walivuna pamoja. Kwetu taratibu ni hii: kombaini zote, zile mashine za kuvunia, zinaingia shamba la mmoja mpaka liishe, ndipo zinavuka kwenda la mwenzake. Mwaka huu unaanza wewe, mwaka ujao naanza mimi. Haijaandikwa popote, na sikuwahi kuona aliyeivunja.

Halafu Nestor akafa. Alikuwa mdogo wake Garth, kijana mchangamfu, hajaoa. Majira ya baridi aliingia ndani ya ghala la bati kuvunja ngano iliyogandamana, huku mashine ya kutolea ngano ikizunguka chini. Ngano ikamvuta, ikamfunika. Alikuwa peke yake. Garth alisema alikuwa amekwenda mjini kutafuta mkanda wa mashine, na sote tukaamini. Pale makaburini watu wa kanisa, mimi nikiwemo, sijisafishi, tulimshika mkono mmoja mmoja tukamwambia kwamba Mungu alikuwa akimhitaji Nestor. Garth aligeuka akaondoka jeneza likiwa bado juu. Delmar akamfuata. Tuliwaona wakivuka theluji bega kwa bega, na tangu siku hiyo kanisani basi, wote wawili. Hawakuapa, lakini kilikuwa kiapo.

Kila Jumapili, saa ya ibada, walikaa kwenye meza ya kahawa ya duka la ushirika pamoja na wanaume wengine watatu wanne wa aina yao. Sisi tukipita na nguo zetu nzuri, Delmar alikuwa akisema, "Haya, kampuni ya bima ya moto wa milele imefungua ofisi." Utani wake haukuwa mwingi, ila ulikuwa na miiba. Mchungaji wetu alijifunza kununua maziwa Jumamosi.

Miaka sita iliyopita, katika baridi moja ndefu isiyo na kazi, Delmar alichukua Maandiko ya marehemu mama yake akaanza kuyasoma. Usidhani aliguswa. Alikuwa anatafuta makosa, apate ya kumchekea mchungaji mezani. Alisoma habari za Yesu akiwa na penseli mkononi, akipigia mstari kila alichotaka kukipinga, na alibishana nacho Desemba, Januari na Februari. Theluji ilipoanza kuyeyuka, alikuta hana tena la kupinga, na kwamba yule aliyekuwa akibishana naye amekuwa mtu anayemfahamu. Hivyo ndivyo alivyonieleza. Siku moja mwezi wa tatu alivua kofia ndani ya kombaini iliyoegeshwa bandani, akasema, "Sawa. Umeshinda." Hapakuwa na machozi wala kinanda.

Ila hakumwambia mtu. Kitabu alikifunga ndani ya mwongozo wa mafundi, akakificha chini ya kiti cha kombaini, na kila asubuhi, baridi iwe ya kukata masikio, alitoka kwenda bandani. Dada yangu akadhani ana mwanamke. Alimnyatia siku moja, akachungulia kupitia ufa, akamwona mume wake amekaa juu ndani ya kombaini iliyozimwa, kichwa wazi, midomo inatembea. Arlette alirudi ndani akakaanga mayai. Hakumuuliza, hakuniambia hata mimi niliyezaliwa naye. Wakaishi hivyo miaka sita, mmoja anaficha kwamba anaomba, mwingine anaficha kwamba anajua. Ndivyo tulivyo. Nikifikiria nataka kucheka, na nataka kuwazaba kibao wote wawili.

Kilichomfunga Delmar mdomo hakikuwa aibu ya wale wanaume wa kahawa, ingawa nayo ilikuwepo. Alimwogopea Garth. Watu walikwisha kumwacha Garth mmoja mmoja, mdogo wake kwa kifo, mke wake kwa kuchoka, na waliobaki kwa kutokujua la kusema. Delmar ndiye aliyekuwa amebaki upande wake wa theluji. Angemwambiaje sasa, "Mimi nimerudi kule ulikokimbia"? Aliona akilitamka hilo, atampoteza rafiki wa miaka hamsini, na Garth atabaki na nguzo za uzio. Basi akanyamaza, akaendelea kunywa kahawa Jumapili. Utani tu ndio ulikoma. Garth alimuuliza kama meno yanamuuma.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi ya Septemba, tumemaliza dengu, tuko kwenye ngano, katika shamba la Delmar kwa kuwa mwaka ule alianza yeye. Kombaini zilikuwa tatu: ya Delmar, ya Garth, na ya Lowell, binamu yetu anayeendesha kila kitu kama kimeibiwa. Mimi nilikuwa kwenye lori. Kila mmoja ana redio ya upepo ya kuzungumzia, na Arlette anayo ya jikoni, ili tuseme tenki limejaa, lori lije, chakula kiko njiani. Redio zetu zina kawaida moja. Ukibonyeza kitufe cha maiki, unasema, na wengine wote wanageuka masikio. Mpaka ukiachie, hakuna mwingine anayeweza kusema lolote. Saa tisa alasiri maiki ya Delmar iliteleza kutoka kwenye ndoano yake, ikaangukia kitini, na yeye akaikalia.

Kwanza tulisikia injini. Kisha tukasikia wimbo wa zamani wa kanisani, wa kuomboleza, ukiimbwa na mtu ambaye sauti yake haijapata kukutana na kinanda. Nilidhani ni stesheni imeingiliana na yetu. Halafu ikasema, "Bwana, namleta Verna na goti lake. Hataki kwenda kwa daktari, anasingizia mavuno, na wewe unajua anaogopa tu." Nilikanyaga breki. Likafuata ombi la Lowell, apewe akili ya kupunguza mwendo kwenye kona. Likafuata la Arlette, shukrani tupu, kwa maneno ambayo sikujua kwamba shemeji yangu anayo, nami sitayaandika kwa sababu ni ya dada yangu. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Wakulima wa maili kumi wanaotumia mkondo ule ule walikuwa wanasikia, na sijutii kwamba walisikia sehemu hiyo.

Kisha akasema, "Na Garth. Baba, leo tena Garth. Mwaka wa ishirini na mbili huu na hajajisamehe. Wewe unajua hakwenda kutafuta mkanda. Unajua alikuwa baa anaangalia hoki, na Nestor alipiga simu pale mara mbili kumwita aje wasaidiane. Mwambie wewe, mimi ananizidi maneno. Na mimi nisamehe, ni mwoga. Miaka sita nakunywa naye kahawa na sijamwambia kwamba nakujua."

Nilipiga kelele kwenye maiki yangu mpaka koo likauma, bure. Kule mbele kombaini ya Garth ilisimama katikati ya mstari. Alishuka ngazi taratibu, akatembea kwenye mabua mpaka kwenye pikapu yake, akaondoka. Hakupiga hata mlango kwa nguvu. Delmar hakuona kitu, jua lilikuwa machoni. Alikuwa ameanza ubeti wa pili wa ule wimbo.

Nililipeleka lori mbele yake nikipiga honi mfululizo. Aliposimama na kufungua mlango, nilimwambia aangalie amekalia nini. Aliivuta maiki chini ya paja lake, akaitazama, akaachia kitufe.

"Mpaka wapi?" aliniuliza.

"Yote, shemeji. Mpaka Nestor."

Nimemwona Delmar akizika wazazi wake wote wawili. Nimemwona siku mvua ya mawe ilipomlia shamba zima kwa dakika kumi na moja. Sikuwahi kuuona uso ule. Alikaa kwenye ngazi ya kombaini akasema, si kwangu, "Nimemfanyia alichonifanyia baba." Na ndivyo ilivyokuwa: alimtajia Mungu kosa la mtu mbele ya watu. Siri aliyopewa na Garth peke yake, usiku wa mazishi, ilikuwa sasa inazungumzwa kwenye majiko ya wilaya nzima.

Na sasa ndipo ninapoingia mimi, mwimba kwaya. Akili yangu ilifanya kazi haraka kuliko ilivyofanya kwa miaka mingi. Jioni tunakula shambani, sufuria zikipangwa nyuma ya pikapu ya Arlette, na siku ile walitokea hata majirani wasiokuwa na kazi nasi, wamekuja eti kuazima spana. Watu wazima saba wamesimama na sahani za nyama iliyokunjwa kwenye majani ya kabichi, kila mmoja anatazama viatu vyake. Nikaanza. Nilisema kwamba stesheni za kanisa siku hizi zinaingilia kila mkondo, kwamba juzi hata mimi nimesikia mahubiri kwenye redio ya lori, na kwamba watu hao hupenda kutunga majina na visa. Ulikuwa uongo mzuri, wa kushikika. Lowell, Mungu ambariki, aliudaka hapo hapo akasema hata yeye amewahi kusikia. Kwa uongo ule Garth angeokolewa kidogo, na Delmar angerudi kwenye kahawa yake kama kwamba hakuna lililotokea.

Delmar aliweka sahani chini.

"Hapana, shemeji. Asante, lakini hapana," alisema. "Ilikuwa mimi. Ninaomba kila siku, ni mwaka wa sita huu. Ninamwamini Yesu Kristo, na nimelificha hilo kama mtu aliyeiba. Leo mmelisikia kwa namna mbaya kuliko zote, kwa gharama ya mtu mwingine. Lile la Garth sikuwa na haki ya kulitoa mdomoni mahali mtu anaposikia. Naomba msilibebe. Kama lazima mbebe kitu, bebeni langu."

Lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya watu. Arlette alikwenda akasimama kando yake akamshika mkono, akamwambia, "Nilijua," na Delmar akamtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba kingine. Mimi nilijishughulisha na vijiko. Miaka hamsini nimeimba kwa sauti kwamba ninamfuata Kristo, na siku iliyodaiwa kweli mimi ndiye niliyekuja na uongo, na yule aliyejificha bandani ndiye aliyesema kweli. Wanasema mficha uchi hazai. Basi hapo, kando ya pikapu, niliona kwamba hata mvaa mapambo anaweza asizae.

Alfajiri ya Ijumaa Delmar alivuka barabara akabisha mlango wa Garth. Taa ilikuwa inawaka ndani, mlango haukufunguliwa. Alisimama barazani nusu saa, akasema samahani kupitia ubao wa mlango, akarudi. Jumamosi vivyo hivyo. Kwenye baraza lile alianza kukuta vyombo: sufuria ya supu, bakuli la perogi zilizojazwa viazi, pai mbili, mkate. Ndivyo sisi tunavyosema pole, tunaacha chakula na kukimbia kabla mtu hajafungua. Hakuna hata mmoja aliyeacha karatasi yenye mahubiri. Nikumbukapo tuliyomwambia makaburini, nashukuru kwamba watu wanaweza kujifunza, hata ikiwachukua miaka ishirini na miwili.

Jumapili Delmar alivaa koti lake la harusi, ambalo halifungiki, akaja kanisani. Alipita mbele ya duka la ushirika, wenzake wa kahawa wakiwa dirishani, na mmoja akafungua mlango akamuuliza kama anakwenda kukata bima. Delmar akasema ndiyo, na kwamba alipaswa kuikata zamani. Kanisani kwetu kuna wakati ambapo mchungaji anauliza kama yupo mwenye shukrani au ombi, na kwa kawaida tunatazama dari mpaka wakati upite. Alisimama, akasema, "Naitwa Delmar Hovland," watu wakacheka, maana nusu yao walimbadilisha nepi. Naye akacheka. Akasema anamshukuru Mungu aliyemvumilia, na kwamba anaomba msamaha kwa mizaha yake yote, hasa ile ya mchungaji na maziwa. Masikio yalikuwa mekundu. Nilimtazama kutoka kwenye safu ya kwaya nikajisikia furaha ya kweli, furaha isiyo na wivu hata chembe, ambayo kwangu ni nadra. Lakini alipoketi aligeuza shingo akatazama mlangoni, na nilijua anamtafuta nani.

Jioni ile utabiri ulisema mvua itaingia Jumatatu alasiri na kukaa wiki nzima. Shamba la Delmar lilikuwa limebaki robo, la Garth halijaguswa kabisa, na Garth hajaonekana nje. Asubuhi Delmar aliwasha kombaini na badala ya kwenda kwenye ngano yake akaielekeza barabarani. Nilimuuliza kwenye redio kama amepotea. Alijibu kwamba Garth ana ekari nyingi zaidi zilizosimama, na mtu mmoja. Lowell akafuata nyuma, nami nikafuata na lori. Ndivyo zamu ilivyovunjwa kwa mara ya kwanza niliyoishuhudia. Ngano ya Delmar iliyobaki ilinyeshewa siku tisa, ikaishia kuwa chakula cha nguruwe, na sijapata kumsikia akiilalamikia.

Mpaka saa sita tulikuwa tumekata sehemu nzuri. Mawingu yalikuwa yamejipanga magharibi. Ndipo Garth alipotoka nyumbani, hajanyoa, akatembea moja kwa moja mbele ya kombaini ya Delmar, akasimama kwenye ngano mpaka mashine ikapunguza mwendo. Akapanda ngazi, akafungua mlango, akakaa kwenye kile kiti kidogo cha pembeni. Waliyozungumza mle ndani nayajua kwa sababu Garth ametusimulia sote, mara nyingi, mezani kwenye kahawa. Kanisani hajaingia mpaka leo. Kusimulia hajaacha.

Walikwenda raundi nzima. Kisha Garth akasema kwamba shamba la mwenzake limesimama na mvua inakuja. Delmar akajibu kwamba anajua, ameisikia redioni. Garth akasema siku hizi yasiyosikika redioni ni machache. Delmar hakucheka. Alimwomba msamaha, akayataja yote kwa jina, siri, maiki, na baba yake mezani.

"Hilo nilikwisha kukusamehe Ijumaa," Garth alimwambia. "Lilikuwa linaniozea tumboni. Sasa kila mtu anajua, na wamenijazia perogi baraza zima. Nimelala, Delmar. Siku tatu nimelala kama mtoto."

"Basi mbona hukufungua mlango?"

"Kwa sababu ya ile miaka sita."

Delmar alidhani anajua kinachokuja. Akasema kwamba anaelewa, kwamba ni kweli amemwacha, ilhali walitoka makaburini pamoja.

"Huelewi kitu wewe," Garth alisema. "Nakaa kwenye nyumba ile nikisema hakuna kiumbe chini ya mbingu anayetaja jina langu. Miaka yote. Kumbe wewe ulikuwa unalitaja kila siku iendayo kwa Mungu, halafu unakuja kukaa mbele yangu unaniuliza hoki ilikwendaje. Ungeniambia, bwana. Ningekutukana, ndiyo, ningekutukana mwezi mzima. Lakini ningejua."

Kwa miaka sita Delmar aliogopa kumpoteza mtu huyu kwa kusema, na kumbe kwa kunyamaza ndiko alikomwacha peke yake. Alilia pale pale akiendesha, na Garth anasema mstari ule wa ngano ulikwenda kombo, ukitazama hata leo mabua yatakwambia. Mwishowe Delmar akauliza, "Nikuombee sasa? Kwa sauti?"

"Simamisha mashine kwanza," Garth alisema. "Ukifumba macho utatutia mtaroni."

Mimi haya yote sikuyasikia wakati ule. Nilichokiona kutoka kwenye lori ni kombaini ya Delmar inasimama katikati ya shamba, mashine nzima kimya, upepo wa mvua umeshaanza kuinamisha ngano, tumebakiwa na saa mbili labda. Mkono wangu ulikuwa kwenye honi. Nikatazama tena, nikaona kupitia kioo vichwa viwili, kimoja kimevuliwa kofia, kingine bado kinayo, vyote vimeinama. Nikauondoa mkono.

Lowell akaingia redioni na haraka zake. Aliuliza kwa nini kombaini imesimama, imeharibika nini, alete mkanda mwingine? Watu wa maili kumi walikuwa kwenye mkondo ule, wanakimbizana na mvua ile ile, wanasikia. Ningeweza kusema lolote. Nilibonyeza kitufe.

"Haijaharibika," nikasema. "Wanaomba. Na mimi naomba hapa."

Kisha Arlette akasema kutoka jikoni kwamba naye anaomba, na Lowell akasema sawa, basi yeye atangoja.